Kache, nakala kamili, viraka au fleshi? Kusasisha kompyuta nyingi kwa laini ndogo

Kuna chuo kidogo cha ufundi pale Nkuhungu, Dodoma mjini, kina kompyuta 20 za Ubuntu (aina ya Linux, kama ilivyo Debian) na laini moja ya 2 Mbps. Apdeti za mwezi kwa mashine moja, mwezi usio na mambo mengi, ni kama MB 400. Zidisha kwa 20, unapata GB 8. Laini ya 2 Mbps ikitiririka bila kukohoa inapitisha MB 900 kwa saa, kwa hiyo zile GB 8 zinakula karibu saa 9, na muda wote huo mwanafunzi aliyefungua barua pepe anatazama kiduara kinazunguka. Kinachoudhi ni kwamba GB 8 hizo ni MB 400 zilezile, zimetoka seva ileile na kuingia chumba kilekile mara 20.

Nikiitwa mahali kama hapo swali la kwanza huwa, "Fundi, tuongeze spidi?" Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Mara nyingi, kabla ya kumwongezea mtu bili, nataka kujua baiti moja inavuka laini mara ngapi. Njia nne ninazozilinganisha hapa zinatofautiana hasa kwa hilo.

Kuhusu maneno: kwetu ukisema kifurushi, mtu anafikiria cha simu. Kwa hiyo data ya kununua nitaiita bando, na programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa nitaiita pakeji.

Kache

Kwa sehemu kubwa ya watu watakaosoma hapa, jibu ni hili, na wakitaka wanaweza kuishia aya chache zijazo.

Kompyuta moja inakaa katikati ya mtandao wa ndani. Mashine ya kwanza ikiomba pakeji, kache inaifuata mtandaoni, inaikabidhi, na yenyewe inabaki na nakala. Mashine ya pili ikiomba pakeji hiyohiyo inapewa iliyoko chumbani. Laini ya nje inatumika mara moja tu. Kwa Debian na Ubuntu, ambazo huleta na kusakinisha pakeji kwa programu iitwayo apt, kazi hii inafanywa na apt-cacher-ng. Unaisakinisha kama pakeji nyingine yoyote, inaanza kusikiliza kwenye mlango namba 3142, na kwa kila mashine nyingine unaandika mstari mmoja kwenye faili lililo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Anwani hapo iwe ya kompyuta yako yenye kache, nayo iwe ya kudumu. Ukiacha ruta iigawie anwani mpya kila umeme ukirudi, utaitwa tena Jumatatu.

Siku tulipoifunga pale chuoni, mwalimu wa TEHAMA alisimama nyuma yangu. Mashine ya kwanza ilikwenda kwa kB 230 kwa sekunde, na kwa karibu nusu saa tulikuwa tunaongea habari za zabibu. Ya pili nikabonyeza Enter. Mistari ikapita mbio, asilimia zikapanda, na baada ya sekunde 40 hivi upakuaji ukawa umekwisha, kompyuta inaanza kufungua pakeji.

"Fundi, hii imekataa," akasema.

"Haijakataa, Mwalimu. Imemaliza kupakua."

Hakuniamini. Akaenda ya tatu akabonyeza mwenyewe.

Hakuna muujiza. Swichi ya ndani ni ya 100 Mbps, mara 50 ya laini ya nje, na siku zote ilikuwa pale, inalala tu.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Kwanza, kache inasaidia pale mashine zinapofanana. Nusu ya chumba ikiwa na Ubuntu 22.04 na nusu 24.04, karibu hakuna pakeji wanazochangia, na ni kama una vyumba viwili. Kwa hiyo kabla ya kufunga kache napenda kwanza kuzileta mashine zote kwenye toleo moja, hata ikinichukua wikiendi. Pili, kompyuta mpakato inayokwenda nyumbani na mwalimu itaitafuta kache isiyokuwepo na kugoma. Dawa yake ni pakeji iitwayo auto-apt-proxy, inayoangalia kama kache ipo kabla ya kuitumia. Tatu, apt-cacher-ng haihifadhi kinachopita kwa https, yaani njia iliyofichwa kwa msimbo. Kwa kawaida inakikataa, na hata ukiiruhusu kwa `PassThroughPattern` kwenye mipangilio yake, inakiacha tu kipite kilivyo. Hazina kuu za Debian na Ubuntu, yaani seva zinakotoka pakeji, zinapatikana kwa http ya kawaida, na usalama hauharibiki, kwa sababu apt inakagua sahihi ya orodha ya pakeji, na orodha ile inabeba alama ya SHA256 ya kila pakeji. Mtu akichezea pakeji njiani, alama hazitalingana na apt itaikataa. Tatizo ni hazina za pembeni zilizoandikwa kwa https, ambazo zitaendelea kuvuka laini mara 20.

Kasoro ya nne ndiyo huwakuta watu wengi bila kujua: snap, aina nyingine ya pakeji za Ubuntu. Tangu Ubuntu 22.04 Firefox yenyewe inakuja kama snap, na snap hazipiti kwenye apt kabisa. Huangalia masasisho mara 4 kwa siku, kila mashine kivyake. Unafunga kache vizuri, unaondoka, na baada ya wiki unaambiwa intaneti bado nzito. Unaweza kuzipangia muda kwa `snap set system refresh.timer`, ukaziweka usiku wa Jumamosi, au kuzizuia kwa `snap refresh --hold` hadi uwe tayari. Mimi huipakua mara moja kwa `snap download firefox`, inaleta faili mbili, moja ya programu na moja ya uthibitisho wake. Nazisambaza kwenye mtandao wa ndani, na kila mashine inaanza na `snap ack` kwa faili la uthibitisho, kisha `snap install` kwa lile la programu.

Nakala kamili ya hazina

Hii ndiyo njia fundi kijana anayoiota. Unachukua hazina nzima ya Ubuntu au Debian, unaiweka kwenye diski yako, na mashine zote zinasoma kutoka hapo. Programu zake ni apt-mirror na debmirror. Ukiwa nayo, hata pakeji ambayo hakuna aliyewahi kuiomba ipo tayari.

Shida ni hesabu. Hazina ya Debian kwa aina moja tu ya prosesa ni mamia ya gigabaiti. Unaweza kuibana: toleo moja, sehemu kuu iitwayo main peke yake, bila kodi asilia (maandishi ya programu kama watengenezaji walivyoyaandika). Lakini kila GB 100 kwa laini ya 2 Mbps ni saa 111, yaani zaidi ya siku 4 na nusu mchana na usiku, na sehemu kubwa ya hizo GB 100 ni pakeji ambazo hapo kwako hazitaguswa na mtu. Nani atataka michezo 40 ya chesi?

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma niliwasha apt-mirror jioni kwa modemu ya 4G, kwa sababu usiku spidi ilikuwa nzuri, nikaenda kulala. Faili lake la mipangilio, /etc/apt/mirror.list, linakuja na mistari ya deb-src, yaani kodi asilia za kila programu, na sikuifuta. Asubuhi bando la GB 30 lilikuwa limekwisha, na nilichokuwa nacho kwenye diski hakikutosha kusasisha hata mashine moja. Bando lilikuwa la mteja. Nililinunua tena kwa hela yangu.

Inafaa wapi, basi? Mahali penye mashine 200 na kuendelea za aina mbalimbali, au chuo kikuu chenye laini nene kinachotaka kuhudumia idara zake, au mahali ambapo mtandao hauaminiki kiasi kwamba unataka kila kitu kiwe ndani. Baada ya ile nakala ya kwanza, kazi ya kila siku si kubwa sana, kwa sababu faili jipya tu ndilo linalopakuliwa. Kwa chini ya mashine 50, sijaona sababu.

Viraka

Hapa wazo ni zuri kuliko yote. Pakeji ya kivinjari ina MB 80, kilichobadilika tangu toleo lililopita labda ni MB 3. Kwa nini usitume hizo 3 peke yake, ziungwe na ulichonacho tayari?

Wazo hili lina historia ndefu. Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync mwaka 1996 huko Australia. Inalinganisha vipande vya faili la huku na la kule na kutuma vinavyotofautiana tu. Colin Percival alitoa bsdiff mwaka 2003, iliyobuniwa hasa kwa programu zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Google waliitengenezea Chrome ya kwao, Courgette, mwaka 2009. Simu yako ikisasisha programu kwa MB chache kuliko ulivyotegemea, ni ukoo huohuo.

Sasa kwa nini haipo kila mahali kwenye Linux? Sababu moja ni mgandamizo. Faili la .deb limebanwa kwa xz au zstd. Fikiria mkeka: ukibadilisha chane moja kwenye ukili wa mwanzo, mchoro wote unaofuata unahama. Faili lililobanwa nalo ni hivyohivyo. Herufi chache zikibadilika mwanzoni, baiti zote za mbele zinatoka tofauti, na mlinganishaji hapati kipande kinachofanana. Ili kiraka kiwe kidogo lazima ufungue pakeji ya zamani, uunge, kisha ubane upya, tena kwa namna ileile hadi baiti ya mwisho, la sivyo alama ya SHA256 itagoma. Kazi hiyo inafanywa na prosesa ya kwako. Kwenye mashine za mitumba tunazoziona Dodoma, zenye GB 2 za kumbukumbu, kuunga kiraka kimoja kikubwa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupakua pakeji nzima kutoka kwenye kache ya ndani.

Sababu ya pili: kiraka hakijitengenezi. Lazima seva fulani ilinganishe toleo la zamani na jipya na kuhifadhi tofauti, kwa kila jozi ya matoleo. Kwa Debian ilitengenezwa debdelta, lakini ilitegemea seva yake maalumu, na hazina rasmi za Ubuntu hazibebi viraka hivyo. Fedora, aina nyingine ya Linux, waliviwasha kwa kila mtumiaji mwaka 2009, toleo la 12, wakaenda navyo zaidi ya miaka 14, na kufikia Fedora 40 mwaka 2024 wakaachana navyo. Snap, hizohizo nilizozilalamikia juu, hutumia viraka, hilo niwape.

Kuna kiraka kimoja tu nachokitegemea: cha orodha yenyewe. Kwa Debian, ukifanya `apt update`, badala ya kuleta orodha nzima yenye megabaiti kadhaa, apt inaweza kuleta mabadiliko peke yake. Ukisasisha kila siku inaokoa sana. Ukikaa mwezi mzima bila kusasisha, huenda apt ikaleta tu orodha nzima, na ni sawa.

Fleshi

Fleshi ya GB 64 ikipanda basi Dodoma na kushuka Kondoa saa 3 baadaye, imesafirisha data kwa wastani wa 47 Mbps, zaidi ya mara 20 ya laini ya kile chuo. Wanaocheka fleshi hawajapiga hesabu hiyo.

Kwa mahali pasipo laini kabisa kuna apt-offline. Kwenye kompyuta ya kijijini unaiambia iandike mahitaji yake kwenye faili dogo, `apt-offline set kondoa.sig`. Faili hilo unakuja nalo mjini, kwenye kompyuta yoyote yenye intaneti, hata ya Windows, na kuagiza `apt-offline get kondoa.sig --bundle kondoa.zip`. Unarudi na zip, unaisakinisha kwa `apt-offline install`, kisha `apt upgrade` kama kawaida.

Kuna mtego mmoja. Mashine ya kijijini inaandika mahitaji yake kwa kutazama orodha ya pakeji iliyo nayo, nayo ni ya zamani. Safari ya kwanza mara nyingi inaleta orodha mpya. Ndipo mashine inagundua inachohitaji hasa, na wewe unarudi stendi. Safari mbili kwa apdeti moja, nauli juu yako.

Usikwepe kwa kubeba mafaili ya .deb na kuyabofya moja moja. Ukitumia `dpkg -i` hakuna anayekagua sahihi; lolote lililoingia kwenye fleshi mtaani linaingia kwenye mashine. Na ukitaka kuchukua pakeji zilizobaki kwenye mashine ya mjini, /var/cache/apt/archives, kumbuka kwamba amri ya `apt` inazifuta ikishasakinisha, ila `apt-get` inaziacha.

Jambo lingine la mashambani ambalo halimo kwenye maelekezo: betri ndogo ya saa kwenye ubao wa kompyuta. Katika lab za mitumba nyingi zimekufa. Unawasha mashine, inadhani ni miaka kadhaa nyuma, na apt inakataa orodha yako ikisema bado muda wake haujafika. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikilaumu fleshi. Kinyume chake pia kipo: orodha ya masasisho ya usalama ya Debian ina tarehe ya mwisho, kama wiki moja tangu itolewe. Fleshi ikikaa mfukoni siku 10, inakataliwa. Mpangilio wa `Acquire::Check-Valid-Until "false"` unaizima kanuni hiyo, lakini uutumie kwa amri hiyo moja tu, usiuandike kwenye faili ukausahau.

Zikikaa pamoja

Kwa mfano uleule wa mashine 20, MB 400 kila moja, laini ya 2 Mbps:

| Njia | Kinachovuka laini | Muda wa laini |
|---|---|---|
| Kila mashine kivyake | GB 8 | karibu saa 9 |
| Kache | MB 400 | dakika 27 |
| Nakala kamili | kila GB 100 za mwanzo | saa 111 |
| Viraka | inategemea kama seva inavyo | hautabiriki |
| Fleshi | sifuri | nauli |

Mwenye kompyuta moja au mbili asijisumbue na lolote kati ya haya. Apange apdeti usiku, na aiwekee apt kikomo, kwa mfano `Acquire::http::Dl-Limit "50";` yaani kilobaiti 50 kwa sekunde, ili watoto waendelee kuangalia katuni. Ajue pia kwamba Ubuntu kwa kawaida hutafuta masasisho yenyewe kwa ratiba inayoanza saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kisha kila mashine inajichelewesha kwa muda wa kubahatisha unaoweza kufika urefu wa saa 12. Ndiyo maana laini inazidiwa saa 5 asubuhi na hakuna aliyebonyeza kitu.

Kwa ofisi za Windows, kabla hujanunua chochote fungua mipangilio ya Delivery Optimization, ambayo ipo tangu Windows 10, uruhusu mashine zipeane masasisho kwenye mtandao wa ndani tu. Hakikisha ukuta wa moto haujafunga mlango wa TCP 7680. Ni bure, na ofisi nyingi ninazoingia Area C zina kitu hicho bila kujua.

Kuanzia mashine 5 hadi 50, kache. Pasipo laini, fleshi. Ila kwa shule moja wilayani Kondoa, yenye mashine 14, nilichoka na zile safari mbili na nikazichanganya njia hizi mbili. Nilitafuta kompyuta mpakato ya zamani iliyovunjika kioo, nikaiwekea toleo lilelile la Ubuntu na pakeji zilezile za lab, pamoja na apt-cacher-ng, na nikaielekeza ijitumie yenyewe kama kache kwa 127.0.0.1. Kila mwisho wa mwezi mwalimu anayekuja mjini anaibeba kwenye begi. Nyumbani kwangu inajisasisha, na kila pakeji inayojipakulia inabaki kwenye kache. Kisha kwenye /etc/apt-cacher-ng/acng.conf naandika `Offlinemode: 1`, ili isijaribu tena kutafuta intaneti, na inarudi Kondoa. Inachomekwa kwenye swichi, mashine 14 zinakunywa kutoka kwake.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima, ile lab isiyo na laini iliendelea na masasisho ya mwezi huo kama kawaida, wakati mimi mjini nilishindwa hata kufungua barua pepe.

Faida nyingine ya kutumia kompyuta mpakato badala ya ile kubwa ya mezani sikuitegemea. Umeme ukikatika katikati ya kazi, betri yake, hata ikiwa ya dakika 20, inatosha kuifunga taratibu bila kuharibu kache. Siku hizi inakaa chini ya meza ya mwalimu, juu ya tofali ili isifikiwe na maji ya deki, ikiwa na kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: USIZIME, ULIZA KWANZA.